Siku tatu za kutembea Bruxelles kwa mfuko mdogo

Juma lililopita tuliongea juu ya ada za masomo. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi watalicheka kwanza: kutembea Ulaya. Tafadhali msikunje gazeti. Tumelikalia jambo hili majuma matatu katika kikundi chetu, na limetufundisha mengi hata sisi ambao hatutapanda ndege kamwe.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzetu mmoja, mjane, mkulima wa mpunga, ana binti aliyeolewa Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Binti ana mimba ya kwanza na anamtaka mama yake awe karibu naye siku za kujifungua. Ninyi mnajua kwetu ilivyo: mtoto wa kwanza haogeshwi na mtu asiyejua. Binti na mume wake wamesema watalipa tikiti ya ndege. Mama akaja kwenye mkutano wetu wa juma, akangoja mpaka hisa zote zikatwe na kisanduku kifungwe kwa funguo zake tatu, ndipo akasema kwa sauti ndogo: "Nitakaa na mtoto, nitapika, nitafua. Lakini nikiwa kule, nataka siku tatu zangu mwenyewe. Nataka kuona mji. Je, ni dhambi?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Tunasema ukweli, wengine kati yetu tuliguna. Mjane, nyumba inavuja, watoto wawili bado wako darasani, naye anataka kutembea! Lakini bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, akasema: "Wanaume wakienda Kindu kwa siku mbili, wanarudi baada ya kumi, na hatuwaulizi waliona nini. Huyu anaomba siku tatu. Tumsaidie kuhesabu." Basi tukachukua chaki na ubao, tukahesabu. Tunayaandika hapa ili kila kikundi kinachotaka kupanga safari kipate mfano.

Jambo la kwanza: karatasi

Safari ya Ulaya haianzi kwenye kiwanja cha ndege. Inaanza kwenye karatasi, na hapo ndipo franga nyingi zinapotea.

Paspoti kwanza. Halafu karatasi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo bila hiyo utasumbuliwa wakati wa kurudi nchini. Halafu viza. Ubelgiji ni moja ya nchi za Schengen, na viza ya ziara fupi inaruhusu kukaa siku 90 tu ndani ya siku 180. Tangu mwezi wa 6 mwaka 2024 mtu mzima analipa euro 90 ili ombi lake lisomwe. Sikieni vizuri: analipa ili lisomwe. Wakikataa, feza hairudi. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria yao inawaruhusu kufika hata siku 45.

Wanataka pia bima ya safari inayofikisha euro 30,000 kwa mambo ya ugonjwa. Msishtuke kwa hesabu hiyo: si feza unayolipa wewe, ni kiasi ambacho bima lazima iweze kulipa ukianguka mgonjwa. Halafu wanauliza: utaishi kwa nini kule? Mgeni anayelala kwa ndugu anatakiwa kuonyesha euro 45 kwa kila siku ya kukaa, na anayelala hoteli euro 95. Kuna njia nyingine kwa mwenye mtoto au ndugu mwenye kazi kule: huyo mwenyeji anakwenda kwenye komini yake na kutia sahihi karatasi ya prise en charge, akiahidi kwamba gharama zote za mgeni ziko juu yake. Mwenyeji naye anaonyesha mshahara wake. Binti wa mwenzetu amechagua njia hii.

Sasa, penye maumivu. Viza inaombwa Kinshasa, na vidole vinapigwa alama kwa mtu mwenyewe, hakuna kutuma jirani. Toka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za pikipiki, mavumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Halafu ndege ya Kindu kwenda Kinshasa. Dada zetu wa Salamabila wanajua kwamba hata kufika Kasongo kwa usalama ni neno la kushukuru. Ukienda Kinshasa kuomba viza, ukarudi Kasongo kungoja jibu, halafu ukaenda tena, umelipa njia hiyo mara mbili bure. Kwa hiyo tulishauri hivi: aende mara moja tu, alale kwa mdogo wake aliye Kinshasa, angoje jibu huko, na tikiti ya Bruxelles iwe ya tarehe inayoweza kusogezwa. Katika hesabu yetu, kungoja Kinshasa kulikula feza nyingi kuliko siku tatu za kutembea Bruxelles. Mtu asiyehesabu kungoja hajahesabu safari.

Na tunataka kuwaonya. Mwaka jana mwenzetu mwingine alimpa mtu mmoja dola 400 kwa sababu alisema "ana mkono ndani" na viza itatoka bila maswali. Viza haikutoka. Mtu hakuonekana tena. Zile dola 400 zilikuwa mavuno ya misimu miwili. Hatumtaji mtu huyo, wala mji wake, kwa sababu wako wengi wa namna yake. Kumbukeni tu: anayesema hakuna maswali ndiye wa kuulizwa maswali. Karatasi za uongo zikigunduliwa, jina lako linaandikwa vibaya, na hata siku utakapokuja na za kweli hawatakuamini.

Jambo la pili: je, kikundi kimkopeshe?

Hapo tuligombana kidogo. Mwenzetu aliomba mkopo wa AVEC kwa ajili ya zile siku tatu. Sheria yetu inasema mtu hapewi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na yeye hakuipita. Lakini mwekahazina akauliza swali la haki: mkopo wa biashara unajilipa kwa faida ya biashara, mkopo wa kutembea utajilipa kwa nini?

Tukabishana mpaka jua likashuka. Mwishoni tulikubaliana: AVEC haikopeshi kutembea, hata kwa rafiki tunayempenda. Kisanduku ni cha wote, na mgonjwa wa kesho hatujui ni nani. Yeye mwenyewe akasema ana magunia ya mchele aliyokuwa akingoja kuyauza bei ikipanda. Atauza mawili. Basi siku zake tatu ni za jasho lake, hazina deni, na akirudi atalala usingizi. Tunawashauri na ninyi vivyo hivyo: matembezi yafanyeni kwa feza iliyokwisha kupatikana, si kwa ile mnayoitumaini.

Jambo la tatu: kutembea ni kwa miguu

Kulala ni kwa binti, kwa hiyo gharama kubwa ya Ulaya imekwisha kuondoka. Inabaki njia, chakula na milango ya kuingilia.

Toka kiwanja cha ndege cha Zaventem, gari moshi linaondoka chini ya jengo lenyewe na kufika katikati ya mji kwa dakika kama 20. Ni la haraka lakini tikiti yake inaongezewa kodi ya kiwanja. Bus ni za bei ndogo zaidi. Kwa siku ya kufika, mkwe atakuja kumpokea. Ndani ya mji kuna metro, inayopita chini ya ardhi, na tram, inayopita juu ya reli katikati ya barabara. Safari moja inazidi kidogo euro 2, na tikiti hiyo inakupeleka muda wa saa nzima hata ukibadilisha tram na metro.

Siku ya kwanza tumempangia katikati ya mji, yote kwa miguu. Aanze Gare Centrale. Karibu hapo kuna kanisa kubwa la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula. Kuingia ni bure. Ateremke mpaka Grand-Place, uwanja ambao watu wa dunia nzima wanaufuata. Nyumba zake zimepambwa kwa dhahabu, na mnara wa nyumba ya mji una urefu wa mita 96. Mwaka 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, uwanja ukaungua karibu wote, na watu wakaujenga upya kwa miaka michache. Sisi ambao tumeona vijiji vyetu vikiungua tutamwambia auangalie uwanja ule kwa jicho hilo: mji ulioungua unaweza kuwa mzuri tena. Kuingia uwanjani ni bure mchana na usiku.

Hatua chache kutoka hapo kuna sanamu ya mtoto mwanamume anayekojoa, Manneken Pis, ya shaba, haifiki hata nusu ya urefu wa mtu mzima. Wanaivalisha nguo, na ina zaidi ya mavazi 1,000. Mwenzetu alicheka mpaka machozi tulipomsomea. Alisema kwake ana wa namna hiyo wawili na hakuna mzungu aliyekuja kuwapiga picha.

Mchana apande Place Poelaert, mbele ya jumba kubwa la mahakama. Kutoka hapo anaona mji wote, na lifti ya vioo, ya bure, inamteremsha kwenye kartie ya Marolles. Huko, kwenye uwanja wa Jeu de Balle, kuna soko la vitu vya zamani kila siku asubuhi. Aangalie, ashikeshike, lakini mfuko aushike zaidi.

Atomium, ile minara ya mipira tisa ya chuma yenye mita 102, tumeiandika chini kabisa ya orodha. Kuingia kunazidi euro 15, na kuiona kutoka nje ni bure. Ilijengwa kwa maonyesho makubwa ya mwaka 1958. Katika maonyesho hayo hayo waliweka "kijiji cha Wakongo", na wazee wetu walikaa humo wakiangaliwa nyuma ya uzio. Kuna wageni waliowatupia ndizi. Wazee hao walikasirika, wakaacha, wakarudi nyumbani. Ilikuwa miaka miwili tu kabla ya uhuru.

Jambo la nne: vitu vyetu viko kule

Siku ya pili ndiyo iliyotushika zaidi. Tumeiweka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sababu mtaiona.

Asubuhi achukue metro mpaka Schuman au Merode, aingie bustani ya Cinquantenaire. Kuna lango kubwa la matao matatu, lililokamilika mwaka 1905 wakati wa Mfalme Léopold II, yule aliyeifanya Kongo shamba lake. Katika bustani hiyo hiyo kuna Msikiti Mkubwa wa Bruxelles. Kwa hiyo mwenzetu, ambaye ni Mwislamu, anaweza kuswali hapo. Na huko huko kuna ukuta wa mawe wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, unaowasifu Wabelgiji waliokwenda Kongo. Maneno yake yanasema kwamba ushujaa wa askari wa Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu muuza watumwa. Neno "Mwarabu" limefutwa na kurudishwa zaidi ya mara moja, kwa sababu watu bado wanaligombania.

Wamama, vita hiyo inayosifiwa ilipiganwa hapa. Majeshi ya Dhanis yaliingia Nyangwe mwezi wa 3 mwaka 1893, na Kasongo mwezi wa 4. Kasongo ya wakati ule ni Tongoni yetu, mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, penye mashamba ya mpunga ambao mpaka leo tunaula. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1892, Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, waliuawa Kasongo, na mnara wao umesimama Blankenberge, mji wa pwani ya Ubelgiji. Ukuta ule unawasifu walioshinda. Haumtaji mwanamke aliyefungwa kamba na msafara wa watumwa, wala yule aliyelazimishwa baadaye kubeba mizigo ya Serikali. Sisi ni wajukuu wa wote hao: wa Wangwana, wa waliouzwa, wa waliobeba. Kwa hiyo tumemwambia mwenzetu asimame pale muda mrefu kidogo kuliko watalii wengine.

Toka Merode, Montgomery ni karibu. Hapo apande tram namba 44, mpaka mwisho wake, Tervuren. Wanasema ndiyo tram nzuri kuliko zote kwa sababu inapita msituni, na inalipiwa kwa tikiti ile ile ya mji. Tervuren kuna jumba la makumbusho ya Afrika. Limefungwa Jumatatu. Tikiti inazidi euro 10, lakini Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa saba mchana, kuingia ni bure. Ndiyo maana ya Jumatano yetu.

Humo ndani atakuta vinyago, viti vya machifu, silaha, na vitu vya pembe vya bwami ya ndugu zetu Walega. Atakuta mtumbwi mmoja wenye mita 22 na nusu, uliochongwa kwa mti mmoja tu na Walengola wa upande wa Ubundu. Mto uliobeba mtumbwi huo ni Lualaba, maji yale yale yanayopita Nyangwe kabla ya kufika kwao. Vitu vingine vilinunuliwa, vingine vilipewa kama zawadi, na vingine vilichukuliwa kwa nguvu ya bunduki. Vinavyoonekana ni sehemu ndogo sana. Vilivyofungiwa ndani ni vingi mno. Mwezi wa 2 mwaka 2022 Ubelgiji iliipa serikali yetu orodha ya vitu kama 84,000. Mwaka huo huo mfalme wao Philippe alikuja Kinshasa na kinyago kimoja kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, akakiacha huko, na bunge lao likapitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vilivyochukuliwa vibaya.

Kuna chumba chenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kabla ya 1908, yamechongwa ukutani. Hakukuwa na jina hata moja la Mkongo. Jumba lilipofunguliwa upya mwezi wa 12 mwaka 2018, msanii wetu Freddy Tsimba aliweka kazi yake hapo: majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji yameandikwa kwenye vioo, na jua likiingia, vivuli vya majina yao vinaanguka juu ya yale ya ukutani.

Majina hayo yanatoka wapi? Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Tervuren kuonyeshwa kwa watu. Saba walikufa huko kwa baridi na magonjwa. Makaburi yao yako nje ya kanisa la Tervuren, umbali wa kutembea kwa miguu toka jumba la makumbusho.

Tulipofika hapo katika kusoma, kikundi kilinyamaza. Mwenzetu alisema hajui kama ataweza kuingia katika nyumba ile. Ataona haya, au ataona hasira, na yeye anataka kutembea, hataki kulia. Wengine walimwambia aache, aende kula gaufre. Ndipo bibi yetu yule aliposema tena: "Ukienda kwa mtu aliyeazima sufuria yako miaka mingi, huendi kumtembelea tu. Unaenda kuangalia kama sufuria bado ipo, na kama imetobolewa. Nenda ukaangalie. Na wale saba, uwasalimie kwa Kiswahili, maana hakuna anayepita pale akawasalimia hivyo kila siku."

Mwenzetu amesema ataenda. Sisi walimu tumemwomba kitu kimoja: apige picha ya mtumbwi na ya makaburi. Watoto wa darasa la sita wanajifunza Lualaba kwa kuchora mstari ubaoni. Tunataka waone mto huo umefika mpaka wapi.

Siku ya tatu ni ya kupumzika moyo: Matonge, kartie ya Ixelles iliyochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Hapo atasikia Lingala na Kiswahili njiani, ataona vikwembe, sombe, ndagala na kwanga vikiuzwa. Pembeni yake, Porte de Namur, kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2018. Atachukua sombe kidogo, atampikia mzazi.

Jambo la tano: hesabu yenyewe

Tuliiandika ubaoni hivi, kwa siku tatu:

Tram na metro, euro 8 kwa siku: 24.
Chakula cha njiani, euro 10 kwa siku: 30. Asubuhi anakula nyumbani na kubeba mkate na chupa ya maji. Maji ya bomba kule yananyweka.
Vyoo na mambo madogo: 5. Ndiyo, wamama, vyoo vingi vya mahali pa watu wengi vinalipiwa.
Akiba ya dharura, isiyoguswa: 20.
Jumla: euro 79. Tukaandika 80.

Kama Jumatano ya kwanza itampita, aongeze euro 15 za mlango wa makumbusho. Ndiyo 95. Kwetu feza hiyo si ndogo. Mwalimu anaijua vizuri. Lakini inajulikana, ina mwanzo na mwisho, na haitamshangaza mtu.

Kitu kilichokuwa kikishangaza hesabu hii hatukukiona mpaka mwekahazina alipouliza: "Na zawadi?" Mwenzetu akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba. Alikuwa ameandika majina 41. Shemeji, wakwe, majirani, imamu, mwalimu wa mtoto, na sisi wote. Kwa kila mtu kitu kidogo cha Ulaya. Kwa majina hayo, siku tatu zake zilikuwa zimekwisha kufa kabla ya kuzaliwa, na magunia mengine mawili yangeuzwa.

Tukaona haya. Kila mmoja alijua jina lake limo. Basi tulifanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya: tulisimama mmoja mmoja, kila mtu akafuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Majina 23 yalifutwa siku ile. Waliobaki ni wa nyumba yake, na hao anawajua yeye. Zawadi tuliyomwomba ni moja: Jumatano atakaporudi, akae mbele yetu na atueleze kila kitu, toka mlango wa ndege mpaka ladha ya gaufre.

Maneno machache ya mwisho kwa msafiri. Usibebe nyama wala maziwa, hata nyama iliyokaushwa: mpakani vinatupwa. Bangili ya pembe ya bibi na ngozi ya chui viache nyumbani, vitakupeleka kwenye matatizo. Andika anwani ya mwenyeji kwenye karatasi, maana simu inaweza kuzima. Gare du Midi ina wezi wa mifukoni. Wakati wa kiangazi chao saa ya Bruxelles ni sawa na ya kwetu, lakini mwezi wa 6 jua linazama karibu saa nne usiku. Mwislamu ajiandae kwa Magharibi ya namna hiyo.

Na sisi tunaobaki? Baada ya kufuta majina, mwenzetu mmoja mchanga aliuliza: "Nani kati yetu amefika Tongoni kuangalia, si kupita tu?" Mikono mitatu ilipanda. Nyangwe? Miwili. Tunataka kumtuma mtu akaangalie ukuta wa Bruxelles unaosema habari zetu, na mahali penyewe hatujapaona.

Basi tumeanza kisanduku kidogo, mbali na kile cha AVEC: franka 500 kwa juma kwa anayetaka. Kiangazi kikifika, na njia ikiwa salama, tutakwenda Tongoni siku moja, na watoto, na wali katika sufuria. Dada zetu wa Kabambare, mkiweza kufika, tuambieni ni wangapi, ili tuhesabu mchele.